Kuoanisha matabaka ya mwamba chini ya pwani: jiwe lenyewe, logi, visukuku au mitetemo?

Jodari na Mzia ni samaki, na pia ni visima viwili vya gesi vilivyochorongwa mwaka 2012 katika Kitalu namba 1, bahari kuu ya kusini mwa Tanzania. (Kampuni ya BG ilivipa visima vyake majina ya viumbe wa baharini. Statoil, ambayo leo ni Equinor, ikachagua viungo: Zafarani, Lavani, Tangawizi. Ukiisoma ramani ya vitalu unapata pilau ya samaki nzima.) Visima vyote viwili vilikuta gesi ndani ya mchanga. Lakini mchanga wa Jodari ni wa Tersiari, na wa Mzia ni wa Kretasia, kipindi cha mwisho cha dinosaria, kilichotangulia Tersiari. Hali ni hiyohiyo ukirudi karibu na nchi kavu: gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo kwenye mchanga wa Kretasia ya Awali, na ile ya Mnazi Bay, ya mwaka 1982, imo kwenye mchanga wa Oligosini na Miosini, ambazo ni sehemu za Tersiari. Mtu aliyesikia tu kwamba "pwani ya kusini kuna mchanga wenye gesi" anaweza kuchora mstari mmoja kutoka Songo Songo mpaka Mnazi Bay, na kalamu yake itakuwa imeruka makumi ya mamilioni ya miaka.

Kazi ya kujua tabaka lipi la kisima hiki ndilo lile la kisima kile ndiyo kuoanisha matabaka. Njia zake ni nyingi, kila njia ina watu wake, na kila mtu huvutia kwake. Hapa nazilinganisha nne kubwa, na nyingine tatu kwa haraka, kwa mifano ya pwani yetu, Karoo yetu (matabaka ya bara yaliyo makongwe kuliko ya Kretasia) na Turkana, ili mwanafunzi, mchimba visima vya maji au mwenye data na bajeti ajue aanze na ipi.

Swali la kwanza si la vifaa

Kabla ya kuchagua njia, amua: unatafuta mwamba uleule, au wakati uleule? Ugomvi mwingi wa mezani kuhusu matabaka unatokana na watu wawili kujibu maswali haya mawili wakidhani ni moja.

Leo hii ufukwe wa Kilwa unapokea mchanga, na mbele zaidi baharini kunatuama tope. Mchanga na tope hivyo ni mawe mawili tofauti ya siku moja. Bahari ikipanda polepole kwa miaka milioni moja, ufukwe nao husogea bara, na mchanga unaoachwa nyuma huwa tabaka moja lisilokatika. Ukilifuata tabaka hilo utasema ni mwamba uleule, na utakuwa sahihi. Ukisema liliwekwa wakati mmoja umepotea, maana ncha yake ya baharini ni kongwe kuliko ncha ya bara kwa miaka yote hiyo milioni moja. Mjerumani Johannes Walther aliliandika jambo hili mwaka 1894, na bado kila mwaka kuna mtu anachora mstari wa wakati juu ya kichwa cha mchanga.

Mchimba maji anataka mwamba uleule, kwa sababu maji hupita mchangani bila kuuliza umri. Anayetafuta gesi anahitaji yote mawili: mchanga wa kuibeba gesi, na wakati wa kila tabaka, ili ajue tope lililoizalisha gesi na tope linaloifunika vilikuwa wapi mchanga ulipowekwa.

Jiwe lenyewe: rahisi, na mara nyingi linatosha

Ukisafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Voi unapita Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, kisha Taru. Majina hayo yote ni majina ya miamba pia. Ni matabaka ya Kundi la Duruma, yaani Karoo ya Kenya, na yamelala yakiinamia baharini, hivyo kadiri unavyokwenda bara ndivyo unavyokanyaga mwamba mkongwe zaidi. Taru, iliyo chini kabisa, ni mchanga wenye punje kubwa. Juu yake ni tope na vumbi gumu la Maji ya Chumvi, lenye visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe) vya samaki. Halafu mchanga laini wa Mariakani, kisha mchanga wa punje kubwa wa Mazeras wenye magogo yaliyogeuka mawe. Wanaotandaza mawe ya Mazeras uani wanakanyaga Karoo bila kujua. Juu ya hayo yote, upande wa bahari, huja chokaa ya Kambe ya Jurasiki, kipindi kilichotangulia Kretasia.

Katika mfuatano kama huo, jiwe peke yake linakufikisha mbali. Unahitaji nyundo, lenzi ya mkononi, asidi kidogo ya kupima chokaa, na macho. Kwenye bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanzania, mwanajiolojia Stockley alifanya hivyo mwaka 1932: akayagawa matabaka ya Karoo kutoka K1, yenye kokoto zilizoachwa na barafu ya kale, kupitia K2 yenye makaa ya mawe, hadi K8. Majina rasmi yamekuja baadaye (Idusi kwa K1, Mchuchuma kwa K2, na kadhalika), lakini watu bado wanasema "K2" kwa kuwa inaeleweka papo hapo.

Mambo yanaharibika pale mawe yanapofanana. Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, ambako msafara wa Berlin ulichimba dinosaria mwaka 1909 hadi 1913, kuna matabaka matatu ya udongo wenye mifupa, yametenganishwa na mchanga wa bahari wenye makombe. Ukitua kwenye udongo mmoja wa hiyo mitatu bila kuona kilicho juu wala chini yake, huwezi kujua uko kwenye upi, na ukikosea mmoja mfuatano wote unahama. Hali ni mbaya zaidi kwenye Kundi la Kilwa, linaloanzia Kretasia ya Mwisho hadi Oligosini. Lina fomesheni (mafungu ya matabaka yenye jina) za Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande, na sehemu kubwa ya zote hizo ni mfinyanzi wa rangi ya kijivu na kijani. Ni unene wa mamia ya mita ambamo jicho halina pa kushika.

Logi: undani mkubwa, jina hakuna

Logi hupatikana kwa kushusha chombo kwa waya hadi chini ya kisima, kisha kukipandisha polepole kikipima. Logi ya kwanza ambayo kila mtu huiangalia ni ya miale ya gama. Mfinyanzi una potasiamu, thoriamu na urani zaidi kuliko mchanga safi au chokaa, kwa hiyo mstari huenda kulia kwenye tope na kurudi kushoto kwenye mchanga. Vipimo huchukuliwa kila baada ya sentimita 15 hivi, na kisima kizima huonekana kwenye karatasi moja ndefu. Kwa undani wa mita moja hadi nyingine, hakuna njia kati ya hizi inayoishinda.

Tuseme umetandaza logi za visima viwili mezani. Usianze na mchanga, hata kama mchanga ndio unaoutaka. Tafuta kwanza kilele kikali cha gama, mahali mstari unapokwenda kulia kuliko kote. Mara nyingi hilo ni tope lililotuama bahari ilipofika mbali zaidi bara, na tope la aina hiyo hutanda eneo kubwa ndani ya muda mfupi. Mstari ukiuchora hapo unakaribia kuwa mstari wa wakati. Funga vilele viwili au vitatu namna hiyo, ndipo uingie katikati yao. Sasa angalia umbo la kila mchanga. Ule unaoanza ghafla chini kisha ukawa laini kuelekea juu yawezekana ni mfereji wa mto. Ule unaozidi kuwa safi na wenye punje kubwa kuelekea juu yawezekana ni ufukwe au delta iliyokuwa ikisonga baharini. Wa delta unaweza kuufuata hadi kisima cha pili kwa matumaini. Wa mfereji usiulazimishe: mfereji unaweza kuwa na upana wa mita mia chache tu, na kisima cha pili kikawa na mfereji mwingine kabisa katika kimo kilekile.

Halafu kuna mitego ya kwetu. Mchanga wa Karoo umetokana na kumomonyoka kwa graniti na naisi za kale, na umejaa feldispa, madini yenye potasiamu. Gama yake hupanda hadi ukadhani unasoma tope. Aliyezoea visima vya baharini akihamia Ruhuhu au Selous bila kuliwaza hilo ataitupa nusu ya mchanga wake. Dawa ni logi ya gama inayotenganisha potasiamu, thoriamu na urani, au kusoma gama pamoja na logi za msongamano na nyutroni. Katika bonde la Mandawa, pwani ya kusini, kisima cha Mandawa-7 kilipita kwenye chumvi nene. Chumvi hushusha gama kama mchanga safi, ila kisima hutanuka pale kama tope la kuchorongea (majimaji mazito yanayozungushwa kisimani) halikushiba chumvi, na logi ya kipenyo itakuambia.

Udhaifu mkubwa wa logi ni kwamba haina jina. Kilele cha gama cha Eosini (zama iliyotangulia Oligosini) na kilele cha gama cha Kretasia ni mistari inayofanana. Kwa maoni yangu, logi peke yake ni salama ndani ya shamba moja la gesi au eneo moja la visima vya maji. Ukiitumia peke yake kati ya visima vilivyoachana kilomita 40, unachora tu. Karibu kila jozi ya logi itakubali kuunganishwa ukiivuta vya kutosha, na hilo ndilo linaloitia sumu: huwa haikukatalii.

Visukuku: njia inayokukatalia

Visukuku vinakataa. Hantkenina, foraminifera (kiumbe wa baharini wa seli moja mwenye gamba) mdogo mwenye miiba, alitoweka duniani kote mwishoni mwa Eosini, takriban miaka milioni 33.9 iliyopita. Kutoweka kwake ndiko kunakotumika kuweka mpaka kati ya Eosini na Oligosini, kwenye mwamba wa mfano ulioko Massignano, Italia. Ukimkuta akiwa wa hapohapo tabakani, tabaka lako haliwezi kuwa la Oligosini, hata logi ikulilie vipi.

Pwani ya Kilwa ina bahati katika hili. Kuanzia mwaka 2002, mradi wa uchorongaji wa kisayansi ulioendeshwa na Paul Pearson na wenzake kwa kushirikiana na TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ulitoa kore, yaani vipande virefu vya mwamba mzima, kutoka kwenye mfinyanzi wa Kundi la Kilwa. Kwa kuwa mfinyanzi huo haupitishi maji, magamba ya foraminifera hayakubadilika kuwa kitu kingine. Chini ya darubini yanaonekana angavu kama kioo, wakati sehemu nyingi za dunia magamba ya umri huohuo ni meupe kama chaki. Kore za Stakishari, kusini mwa Kilwa, ziliuvuka mpaka wa Eosini na Oligosini, na kutoweka kwa Hantkenina kukaonekana sentimita kwa sentimita. Ule mfinyanzi ambao jicho halikupata pa kushika umegawika vizuri kabisa kwa viumbe wasiofika milimita moja.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Unaloweka kipande cha mfinyanzi kwenye maji hadi kilainike, unakiosha juu ya chekeche lenye matundu ya maikromita 63, tope linakwenda na maji, mabaki unayakausha, unayamwaga kwenye sinia jeusi chini ya darubini, na unachambua kwa brashi nyembamba iliyolowanishwa. Kwa visukuku vya mimea ya baharini iliyo midogo zaidi, huhitaji hata chekeche: kwangua mfinyanzi kidogo, upake kwenye kioo kwa tone la maji na kijiti cha meno, ukaushe, uangalie. Jibu linaweza kupatikana mtambo ukiwa bado unazunguka. Gharama iko kwenye mtu anayeyajua majina, na mtu huyo hapatikani kila mtaa.

Tofauti kati ya kore na chenga lazima uijue kabla ya kulipia uchambuzi. Kisima cha kawaida cha gesi hakitoi kore isipokuwa mita chache. Hutoa chenga za mwamba zinazopanda na tope la kuchorongea. Ukuta wa kisima hubomoka, na vipande vya juu huanguka na kuchanganyika na vya chini. Kwa hiyo, kwenye chenga, kuwepo kwa kisukuku kichanga kwenye sampuli ya chini hakumaanishi kitu. Unachokiamini ni mara ya kwanza kukiona unaposhuka, ambayo kwa historia ya dunia ni mara ya mwisho kilipoishi. Mtego wa pili huenda kinyume: bahari au mto unaweza kumomonyoa tope la Kretasia na kuliweka upya ndani ya mwamba wa Eosini, pamoja na visukuku vyake. Ukiona makundi mawili yasiyoweza kuishi pamoja, fikiria hilo kwanza kabla ya kutangaza ugunduzi.

Njia hii inafeli kabisa kwenye mchanga wa punje kubwa, kwenye chumvi, na kwa foraminifera kwenye mwamba wa maji baridi. Hapo unageukia chavua na spora, zinazopeperuka na kuangukia ziwani, mtoni na baharini vilevile, na kwa sababu hiyo ndizo daraja la kuaminika kati ya matabaka ya bara na ya bahari. Chumvi ya Mandawa na matope yanayoandamana nayo, yaani Kundi la Pindiro, yamewekwa Triasiki hadi mwanzo wa Jurasiki, na mjadala wake ulikuwa mrefu kwa sababu ya uchache huohuo wa visukuku.

Kwenye Karoo unageukia mifupa. Wanyama wa fomesheni ya Usili ya Ruhuhu, akina disinodonti (wala majani wa kale) na jamaa zao, wanafanana na wa Karoo ya Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo, na ulinganisho huo umesimama vizuri. Juu yake, matabaka ya Manda yamekuwa yakiwekwa Triasiki ya Kati kwa sababu wanyama wake wanafanana na wa ukanda wa Afrika Kusini uliopewa jina la mnyama wa kale Cynognathus. Halafu mwaka 2014 mwamba wa volkano wa Argentina, uliomo ndani ya matabaka yenye wanyama wa jamii hiyo, ukapimwa na kutoa takriban miaka milioni 236, karibu milioni 10 chini ya ilivyodhaniwa. Wanyama wanaweza kuwa walewale na wakati usiwe uleule. Hata njia inayokataa inahitaji mtu wa kuikatalia.

Mitetemo: inayojaza pengo kati ya visima

Logi na visukuku hukuambia habari za tundu moja. Data za mitetemo hukuambia kilichopo kati ya matundu. Meli hupiga mlipuko wa hewa majini, au gari zito hutikisa ardhi, na mwangwi unaorudi kutoka kila mpaka wa matabaka hunakiliwa. Mipaka hiyo hufuata nyuso za utuaji zaidi kuliko aina ya jiwe, ndiyo maana mstari wa mwangwi ukiufuata kutoka kisima hadi kisima unakaribia kuwa mstari wa wakati. Kwenye bahari kuu, ambako visima ni vichache na ghali mno, hakuna mbadala wake.

Inachokosa ni undani. Chukua mwamba unaopitisha sauti kwa mita 3,000 kwa sekunde, na mtetemo wa hertz 30, yaani mara 30 kwa sekunde. Urefu wa wimbi ni mita 100. Kitu chembamba kuliko robo yake, yaani mita 25, hakitaonyesha kichwa na kitako chake kwa kutengana. Mchanga wa mita 8 unaoonekana waziwazi kwenye logi hupotea humo, au hujitokeza kama badiliko dogo la nguvu ya mwangwi. Na kadiri unavyoshuka, mitetemo ya kasi humezwa na ardhi, wimbi hurefuka, na hali huwa mbaya zaidi.

Pia picha ya mitetemo imeandikwa kwa muda wa sauti kwenda na kurudi, wakati kisima kimeandikwa kwa mita. Bila kipimo cha kasi ya sauti kilichochukuliwa ndani ya kisima, unaweza kuifunga gama yako kwenye mwangwi wa tabaka jirani na usigundue. Hili ni kosa la kawaida mno, na matokeo yake ni ramani nzuri yenye rangi, iliyohama mita 60 kutoka kwenye ukweli.

Mipasuko nayo hukata mstari. Ukifika kwenye ufa mkubwa, mwangwi unakoma upande huu na upande wa pili kuna miangwi kumi inayofanana. Kuruka ufa kwa kufananisha sura ya miangwi ni jambo la kubahatisha mpaka kuwe na kisima chenye visukuku kila upande. Chini na pembeni mwa chumvi ya Mandawa ni vivyo hivyo.

Majivu, isotopu, sumaku

Majivu ya volkano ndiyo njia bora kuliko zote, yakiwepo. Huanguka kwa siku chache, hupimika umri, na kila mlipuko una kemia yake. Turkana ndiko kwenye somo kubwa. Majivu ya KBS ya Koobi Fora, yaliyopewa kifupisho cha jina la Kay Behrensmeyer, yalitangazwa mwaka 1970 kuwa na umri wa miaka milioni 2.6. Fuvu namba 1470 la jamii ya binadamu wa kale, lililookotwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972, chini ya majivu hayo, likawa la ajabu kwa ukongwe. Lakini visukuku vya nguruwe wa Koobi Fora vilikuwa sawa na vya nguruwe wa Shungura, bondeni mwa Omo, Ethiopia, kwenye matabaka ambayo umri wake ulijulikana kuwa mdogo zaidi. Mabishano yakachukua miaka. Kemia ya kioo cha majivu, kazi ya Frank Brown, Thure Cerling na wenzao, ikayaoanisha majivu ya KBS na yale ya H2 ya Shungura, na vipimo vipya vikatulia karibu na miaka milioni 1.88. Nguruwe walikuwa wamesema kweli. Majivu mengine ya hukohuko, ya Tulu Bor, yameoanishwa mpaka Hadar, Ethiopia, na hadi kwenye tope la sakafu ya Ghuba ya Aden. Pwani ya Kilwa haina bahati hiyo.

Isotopu za kaboni (aina za kaboni zenye uzito tofauti, ambazo uwiano wake hupimwa) zinafaa pale dunia nzima ilipotikisika: kushuka kwa ghafla kwa uwiano huo miaka milioni 56 iliyopita, mpakani mwa Paleosini na Eosini, kumeonekana pia kwenye kore za Kilwa. Usinunue vipimo hivyo kabla visukuku havijakuambia uko karibu na tukio gani, la sivyo utapata mstari wa meno ya msumeno na utachagua jino unalolipenda.

Kugeuka kwa usumaku wa dunia nitakupitisha haraka. Kuanzia takriban miaka milioni 121 hadi 83 iliyopita usumaku karibu haukugeuka kabisa, kwa hiyo kwa karibu nusu ya Kretasia njia hii imekaa kimya. Kwa matabaka machanga karibu na ikweta, kama ya Turkana, mwelekeo wa usumaku umelala karibu mlalo, na kore isiyojulikana kaskazini yake iko wapi haisomeki kwa urahisi.

Kwa mtazamo mmoja

| Njia | Inajibu | Undani | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| Jiwe lenyewe | Mwamba uleule | Mita | Mfinyanzi unaofanana, mfuatano unaojirudia |
| Logi | Mwamba uleule. Wakati, ukitumia vilele vya tope | Chini ya mita | Umbali mkubwa, mchanga wa feldispa |
| Visukuku | Wakati uleule | Mara nyingi miaka laki kadhaa hadi milioni chache | Mchanga wa punje kubwa, chumvi, kubomoka kwa kisima |
| Mitetemo | Wakati uleule, kwa kukadiria | Makumi ya mita | Mipasuko, chumvi, kukosa kisima cha kufungia |
| Majivu | Wakati uleule | Bora kuliko zote | Yasipokuwepo |

Ningechagua nini

Kwa visima vya maji, kama vile vya kina kirefu vya Kimbiji na Mpera kusini mwa Dar es Salaam, ningelipia logi ya gama na ya ukinzani wa umeme kwa kila kisima, na kuhifadhi chenga vizuri kwenye mifuko yenye vina vilivyoandikwa. Basi. Pesa ya visukuku ipeleke kwenye kisima kingine. Wachimbaji wengi huruka logi ili kuokoa gharama, halafu wanaweka chujio kwenye tope.

Kwa makaa ya mawe ya Karoo, anza na jiwe na kore, ongeza logi ya msongamano, kwa sababu makaa ni mepesi na hujitokeza mara moja. Chavua ziite tu pale ufa unapokuchanganya usijue uko K2 au K4, yenye makaa pia.

Mwanafunzi asiye na fedha, mwenye ufukwe wa Kilwa au Lindi mbele yake, achague foraminifera. Chekeche na darubini ya chuo vinatosha, mfinyanzi uko wazi kwenye kingo za barabara na mito, na majibu yake yatadumu kuliko ramani yoyote ya logi aliyokopeshwa.

Kwa gesi ya pwani na bahari kuu, ambako fedha ni nyingi na kosa ni ghali, swali linakuwa ni mpangilio. Ningeanza na visukuku kwenye visima vya zamani kabla ya kuchora mstari wowote, hata kama ni kwa kurudia chenga zilizokaa ghalani miaka 50. Vikishatoa majina ya zama, ningefunga mitetemo kwenye visima hivyo kwa vipimo vya kasi ya sauti, nikafuata miangwi mikubwa mitatu au minne tu, na kuacha midogo. Logi zingekuja mwisho, ndani ya vyumba ambavyo visukuku na mitetemo vimekwisha kuvijenga, kugawanya mchanga mmojammoja. Kampuni nyingi hufanya kinyume, kwa sababu logi ziko tayari kwenye kompyuta na visukuku vinasubiri maabara. Ripoti ya visukuku inapofika, mistari imeshapakwa rangi, na hapo ndipo utasikia mtu akisema kwamba sampuli hiyo lazima itakuwa imebomoka kutoka juu.